Umri Uliobaki

Pamba ikishavunwa na kuuzwa, wazee wetu wa Nyalikungu, wilayani Maswa, hubaki na saa nyingi. Husali Adhuhuri, kisha hukaa kwenye bao mpaka Alasiri. Hatusemi bao ni ovu. Sisi wenyewe twalicheza. Lakini tumwambiapo mmoja wao ajifunze kusoma, hujibu: “Mimi nimekwisha zeeka.”

Jawabu hili lilikwisha pingwa zamani. Tangu 1968 hata 1972, Serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO ziliendesha kisomo cha watu wazima katika mikoa ya Ziwa, na Shinyanga ulikuwamo. Maswa ilikuwa ndani ya mkoa huo kabla ya kuundwa Simiyu mwaka 2012. Vitabu vya wakulima wa pamba vilieleza kilimo cha pamba. Mtu alisoma lile ambalo mkono wake ulikwisha lijua.

Basi mzee wetu naye anayo Sura ya Wal-Asri, aya 3 tu, aliyoihifadhi tangu utotoni. Na aifungue msahafuni, aifuate kwa kidole, mjukuu wake wa madrasa akimsahihisha, wala asione haya. Nusu saa baada ya Adhuhuri yatosha, bao litamngoja.