Mwanao akinyamaza kwenye msafara wa baiskeli

Mzazi, kijana wako akiaga kwamba anakwenda kambi ya triathloni, na kesho wataendesha baiskeli kwa kundi hadi Ngerengere, usiulizie kofia ngumu peke yake. Uliza nani atakuwa nyuma yake.

Ngerengere iko chini, mashariki ya Milima ya Uluguru, na joto lake si la Morningside. Baiskeli nayo hudanganya. Ukiwa kasi, upepo unakausha jasho na mwili unapoa. Ukifika kwenye mwinuko kasi inashuka, upepo unakwisha, na misuli inazidi kuzalisha joto. Kwenye kundi hakuna anayetaka kuachwa, kwa hiyo anayezidiwa hasemi.

Dalili ya kuogopa ni kuchanganyikiwa. Akiyumba, akajibu hovyo, akawa mkali bila sababu au akaanguka huku mwili unawaka, mchukulieni kuwa ana kiharusi cha joto, hata kama bado anatoka jasho. Hapo joto la mwili huwa limefika nyuzi 40 au zaidi. Mwekeni kivulini, mvueni nguo, mmwagieni maji mfululizo na kumpepea, huku mmoja akitafuta gari. Kumpoza kusisubiri gari. Vidonge vya homa havisaidii, na aliyechanganyikiwa asinyweshwe kitu.

Aliyeugua malaria au kuharisha wiki hiyo abaki kambini. Kocha akinuna, anune.

Kesho yake mkojo ukiwa wa rangi ya chai kavu, huenda misuli imeumia na figo ziko hatarini: hospitali siku hiyo hiyo.