Kabla ya Kununua Kifurushi Kikubwa, Chunguza Mahali Ruta Ilipowekwa

Huduma nyingi za Serikali ambazo zamani zilimlazimu mwananchi kufika ofisini sasa hupatikana kwa njia ya mtandao. Maombi ya leseni ya biashara hupitia mfumo wa TAUSI, zabuni za umma huwasilishwa kupitia NeST, na mwanafunzi anayehitaji mkopo wa elimu ya juu hutuma maombi yake katika mfumo wa Bodi ya Mikopo. Zabuni na mikopo ina tarehe ya mwisho, na dirisha likifungwa halimsubiri mtu ambaye ukurasa wake ulikuwa bado unafunguka. Mtandao hafifu nyumbani unaweza kumkosesha kijana mkopo, au kikundi cha wajasiriamali zabuni waliyoiandaa kwa wiki kadhaa.

Mtandao unaposuasua, wengi hukimbilia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Fedha hutoka, lakini hali chumbani hubaki ileile. Sababu ni kwamba kifurushi huhusu kiasi cha data au kasi inayofika kwenye ruta. Hakiongezi nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye ruta kwenda kwenye simu au kompyuta.

Safari mbili za mawimbi

Katika nyumba inayotumia ruta ya laini ya simu, data husafiri mara mbili kwa njia ya hewa. Safari ya kwanza ni kutoka kwenye mnara wa simu hadi kwenye ruta. Safari ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye kifaa cha mtumiaji, na hii ndiyo inayoitwa Wi-Fi. Kwa nyumba iliyounganishwa na faiba, safari ya kwanza hupita ndani ya waya, hivyo kuta na paa haviiathiri.

Ni muhimu kutambua kuwa alama ya Wi-Fi inayoonekana juu ya kioo cha simu huonesha safari ya pili pekee. Alama hiyo inaweza kujaa huku mtandao ukiwa mzito, kwa sababu tatizo liko kati ya ruta na mnara. Hali ya safari ya kwanza huoneshwa na taa za ruta yenyewe.

Kupima kabla ya kutibu

Mwenye nyumba anaweza kubaini tatizo lilipo bila kumwita fundi. Asimame mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, apime kasi kwa programu yoyote ya kupimia mtandao, kisha arudie kipimo hicho katika chumba chenye matatizo. Kasi ikiwa nzuri karibu na ruta na mbaya chumbani, tatizo ni la ndani ya nyumba. Ikiwa mbaya kote kuwili, tatizo ni mnara, kifurushi kilichokwisha au mtoa huduma. Vipimo hivyo virudiwe asubuhi na usiku, kwa kuwa minara huelemewa nyakati za jioni watumiaji wanapokuwa wengi. Programu hizo hutumia data, hivyo vipimo viwe vichache.

Mahali panapofaa

Mawimbi ya Wi-Fi hupita kwa urahisi katika mbao na dari la jipsamu, hupungua katika ukuta wa matofali, na hudhoofika zaidi katika zege lenye nondo. Chuma huyarudisha yalikotoka, na maji huyafyonza. Kwa hiyo ruta isifungiwe ndani ya kabati, isiwekwe nyuma ya runinga, jokofu au kioo kikubwa cha kujitazamia, wala karibu na tangi la maji. Iwekwe juu ya meza ndefu au rafu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba.

Ruta ya laini ya simu ina ugumu wake. Katikati ya nyumba panafaa kwa Wi-Fi, lakini mawimbi ya mnara huweza kuzuiwa na paa la bati na kuta kabla ya kufika hapo. Ruta ya namna hiyo ianze kuwekwa karibu na dirisha linaloelekea mnara, mbali na nondo za dirisha kadiri inavyowezekana, kisha isogezwe ndani kidogo kidogo huku kasi ikipimwa. Mahali panapofaa ni pale ambapo safari zote mbili zinaridhisha.

Masafa mawili

Ruta nyingi za sasa hutoa Wi-Fi katika masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini huingiliwa na ruta za majirani na hata tanuri la mikrowevu. Masafa ya 5 yana kasi kubwa, ila hayafiki mbali. Aliye chumba kimoja na ruta atumie 5, na aliye chumba cha mbali atumie 2.4. Penye nyumba zilizosongamana, masafa ya 2.4 yawekwe kwenye chaneli ya 1, 6 au 11, kwa kuwa chaneli hizo tatu haziingiliani.

Nyumba yenye vyumba vingi

Pale ambapo kuhamisha ruta hakutoshi, waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba cha mbali au nyumba ya uani ndio suluhisho la uhakika, na waya mmoja unaweza kufika mita 100. Kifaa cha kurudufu Wi-Fi nacho husaidia, lakini kiwekwe katikati ya safari, pale ambapo mawimbi bado yana nguvu. Kikiwekwa katika chumba kisicho na mtandao, hakitakuwa na cha kurudufu.

Nywila iliyoandikwa chini ya ruta ibadilishwe. Mtu asiyealikwa akiunganishwa hula kifurushi na kupunguza kasi ya wenye nyumba.

Tatizo likiwa la mnara

Vipimo vikionesha kuwa tatizo ni la nje, mwananchi awasilishe malalamiko kwa mtoa huduma wake akitaja tarehe, saa na kasi aliyopima. Asiporidhika, ana haki ya kuyafikisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Asinunue kifaa cha kuongeza mawimbi ya mnara ambacho hakijaidhinishwa na TCRA, kwa kuwa kinaweza kuvuruga mawasiliano ya mtaa mzima.

Kwa maombi yenye tarehe ya mwisho, wananchi wanashauriwa kufanya vipimo hivi mapema na kutuma maombi siku kadhaa kabla ya dirisha kufungwa. Kujaza fomu hakuhitaji kasi kubwa. Kunahitaji mtandao usiokatika.