Chungwa la Muheza Laingia Kwenye Biskuti

MUHEZA, mkoani Tanga, inajulikana kwa machungwa. Msimu unapofika kilele, malori hupakia na kushika njia ya Horohoro kuelekea Lunga Lunga na Mombasa. Wanaoifanya biashara hiyo wanaujua uchungu wake: gari likikwama mpakani, matunda ya chini huanza kulainika, na yale madogo au yenye mikwaruzo, mnunuzi huyaweka kando hata kabla ya kuhesabu.

Hayo yanayowekwa kando, ilimradi hayajaoza, yanatosha kuoka biskuti laini nyumbani. Biskuti haina haja na ukubwa wa chungwa, inataka ganda. Mafuta yenye harufu yamo kwenye tabaka la juu la ganda. Anayemimina juisi nyingi akitafuta ladha huambulia donge linalonata. Rangi nayo isimbabaishe mtu: chungwa la nchi za joto huiva likiwa bado kijani, na ganda lake hunukia vilevile.

Kwa biskuti 24 hivi, machungwa 2 huoshwa vizuri, kisha ganda hukwaruzwa juu juu tu. Ukifika kwenye utando mweupe, simama. Huo ni mchungu. Ganda hilo husuguliwa kwa vidole ndani ya sukari gramu 150 mpaka sukari ilowe na kunukia. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Hufuata siagi laini gramu 115, yai 1 na juisi vijiko vikubwa 2. Mwisho ni unga wa ngano gramu 250, baking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, na chumvi kidogo. Unga usikandwe kama wa chapati, ukishashikana, basi.

Vidonge huokwa kwa nyuzi 180, dakika 10 hadi 12. Asiye na oveni hutumia sufuria nzito yenye mchanga chini, bati la biskuti juu yake, na makaa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe mdogo. Biskuti hutolewa kingo zikiwa zimeshika na katikati pakiwa bado laini. Ikisubiriwa ikauke jikoni, ikipoa itakuwa ngumu.

Ulaini huo huo ndio mtihani wa sokoni. Biskuti laini ina unyevu, haivumilii safari ndefu kama ile kavu. Ikifungwa ikiwa na joto, mvuke hubaki ndani ya mfuko na ukungu hufuata. Ipoe kabisa, ifungwe, iuzwe ndani ya siku chache. Kwa hiyo soko la kuanzia ni la jirani, upande wa pili wa kizuizi.

Mzigo wa bidhaa za Jumuiya usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Kabla ya kuoka kwa wingi, muuzaji aulize forodha kama biskuti zake zimo. Cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa ubora: anayetoka Tanzania huhitaji alama ya TBS, ambayo nchi wanachama zinapaswa kuitambua kwa sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho.