Kujiandaa kwa sayansi ya utambuzi (2): Usisubiri idara yenye jina hilo

Wiki iliyopita tuliona jinsi fani hii ilivyochipuka Septemba 1956, pale MIT, George Miller wa saikolojia, Noam Chomsky wa isimu, na Allen Newell na Herbert Simon wa kompyuta walipokutana katika kongamano moja. Leo nawajibu wanafunzi wanaouliza: nisome nini sasa ili nije kuisoma katika uzamili au uzamivu?

Jibu langu huwaudhi wengi: endelea na shahada uliyo nayo. Idara ya sayansi ya utambuzi ya Chuo Kikuu cha California, San Diego, ya kwanza ya aina yake, ilianzishwa 1986 tu, na hadi leo idara kama hizo ni chache. Wanaopitia maombi wamezoea watu wa isimu, falsafa, saikolojia, kompyuta, hata hisabati. Wanachotaka kuona ni kwamba umewahi kulishika swali moja na kulitafutia data.

Chukua jaribio la John Ridley Stroop la 1935. Jina la rangi huandikwa kwa wino wa rangi nyingine. Mtu atataja wino, asisome neno. Hapo ulimi husita. Ukiwa na kompyuta mpakato na PsychoPy, programu isiyolipiwa, utalifanya bwenini. Andika “nyekundu” kwa kijani, “njano” kwa buluu, upime kwa milisekunde. Mara tatizo linaibuka: “nyekundu” ina herufi nane, “njano” tano. Aliyekawia kakwamishwa na rangi, au na urefu wa neno? Na Mtanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, neno la lugha ipi litamsumbua zaidi? Hilo tayari ni swali la tasnifu.

Kulijibu kunahitaji takwimu, somo ambalo wanafunzi wa sanaa hulikimbia kama deni. Jifunze mapema R au Python, lugha za kompyuta za kuchambulia data. Kwangu mimi, mihula miwili ya takwimu inashinda kozi tano zenye majina ya kuvutia.

Wala usidhani lugha yetu ni pembezoni. Kamil Ud Deen alichunguza watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, wakidondosha viambishi vya nafsi na njeo, na kazi hiyo ikatoka kitabu mwaka 2005.

Kuhusu wadhamini: vyuo vingi vya Marekani hudai barua tatu. Mhadhiri anayekujua kwa alama tu ataandika mistari mitatu. Kuanzia mwaka wa pili, omba kumsaidia mmoja katika utafiti wake, hata kama ni kunukuu mahojiano kutoka kwenye rekodi. Kazi inachosha, lakini ndimo utafiti unamojifunzwa.

Marekani unaweza kutoka shahada ya kwanza ukaingia uzamivu moja kwa moja. Ulaya kwa kawaida hudai uzamili kwanza. Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba, kwa hiyo wadhamini wako waambie kabla ya Oktoba.

Itaendelea wiki ijayo: barua ya maelezo ya nia.