Msumeno na Injili

Wamisionari watatu wa Marafiki kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi mwaka 1902. Walikusudia kufundisha kazi za mikono pamoja na Injili, hata jina la misheni yao lilitaja kazi hizo. Wakajenga kinu cha kupasulia mbao, kilichoendeshwa kwa nguvu za maji.

Wengi waliokwenda kule hawakufuata mahubiri. Walitaka ujira, kwa maana kodi ya nyumba ilikuwa ikidaiwa. Lakini aliyevuta msumeno alisikia pia Neno, na baadhi yao wakaamini.

Hatimaye dini hiyo ikaenea kaskazini hata Lugulu na Kimilili. Huko seremala, mkulima na karani, kila mmoja ana mimbari yake. Tena ushuhuda wa namna hii ni mgumu kuliko mahubiri, kwa kuwa mlango uliopinda humsuta seremala kila ufunguliwapo. Na karani amwambiaye mzee “njoo kesho” mara tatu amekwisha kuhubiri, ingawa si Injili.

Wala si wote waliokubali. Elijah Masinde, mtu wa Kimilili aliyekuwa mmoja wa Marafiki, aliwaacha, na katika miaka ya 1940 akaongoza Dini ya Msambwa. Wafuasi wake waliwataka Wazungu waondoke nchini. Watu wenye uchungu wa ardhi hawakutulizwa kwa hotuba. Jirani alimtazama Mkristo akipima mahindi sokoni, aone kama debe limejaa.