Hojaji Mkononi, Jina Gizani

Ipo kasumba iliyoenea miongoni mwa vijana wetu wanaohitimu vyuo vikuu, kwamba kazi ya ushauri wa kitaalamu huanzia katika ofisi yenye zulia huko Upper Hill, Nairobi. Mimi nashikilia kwamba huanzia mahali kama Kiritiri, juani, kijana akiwa na furushi la hojaji kwapani na akizungumza na mama anayepura ndengu. Kuanza si tatizo. Tatizo ni kwamba wengi huishia papo hapo.

Nchi ya Mbeere imechunguzwa kuliko wenyeji wake wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliiteua kuwa mojawapo ya sehemu sita za Mpango Maalum wa Maendeleo ya Mashambani, pamoja na Kapenguria, Kwale, Migori, Tetu na Vihiga, nao wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakautathmini. Katika miaka iyo hiyo wataalamu David Brokensha na Bernard Riley walifanya utafiti wao huku, wakaandika jinsi Wambeere walivyoijua mimea yao kwa undani. Kisha yakaja mabwawa ya Mto Tana, hadi lile la Kiambere lililokamilika mwaka wa 1988. Kila mradi ulikuja na wapimaji wake, na kila mpimaji alihitaji mkalimani. Hebu msomaji ajiulize: wakalimani hao walikwenda wapi?

Mimi nilikuwa mmoja wa waliowafuata, miaka mingi baadaye. Nilichukuliwa kuwa mwanagenzi na kampuni moja ya washauri, ambayo sina haja ya kuitaja, nikalipwa nauli na chakula cha mchana. Msimamizi wangu alikuwa na shahada mbili, lakini hakujua kwamba ukimwuliza mzee wa huku ana mbuzi wangapi kabla hujamjulia hali, atakutajia idadi ya kukuondoa tu. Wala hakujua kwamba swali jepesi, "Shamba hili ni la nani?", hufukua kesi za koo zilizoanza wakati ardhi ilipokuwa ikipimwa. Nikamwonyesha njia ya kupitia mavuno: uliza kwanza mtama, halafu kunde, na muguka mwisho, maana huo ndio wenye pesa. Majibu tukayapata. Ripoti ilipotoka, sura nzima ilitokana na madaftari yangu, na jina langu halikuwamo hata katika ukurasa wa shukrani.

Katika kazi hii jina si pambo. Mshauri huuza kazi alizokwisha kuzifanya; asiyeweza kuzionyesha ni kama fundi asiye na vyombo. Tangu mwaka wa 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali hutengewa vijana, wanawake na walemavu, lakini anayetoa zabuni ya ushauri huuliza kwanza: umewahi kufanya nini, na ni nani atakayethibitisha? Halmashauri ya mazingira, NEMA, huwasajili wataalamu wa kutathmini athari za miradi kwa ngazi mbili, wasaidizi na viongozi, na shahada pekee haimpandishi mtu ngazi. Wahandisi nao hawaitwi washauri mpaka wazipitie ngazi za chini.

Wapo watakaosema kwamba mwanagenzi anafunzwa, hivyo asidai malipo. Hoja hiyo ina ukweli kidogo na ubahili mwingi. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tangu Machi hadi Mei, na kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 ulitaja takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kutoa Sh70,000. Daktari ana chama cha kumtetea. Mwanagenzi wa ushauri hana, na anayeweza kufanya kazi bure miezi mitatu ni mtoto wa mwenye nacho. Ndiyo maana wanaojua Kimbeere hubaki wakalimani, na wasiokijua huwa washauri.

Juzi alinijia kijana mmoja wa hapa, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Embu. "Mzee," akaniambia, "nimeitiwa mafunzo ya kazi, lakini hawatoi mshahara. Niende?" Nikamjibu aende, ila kabla hajashika hojaji hata moja apate kwa maandishi mambo haya: nauli italipwa na nani, ni sehemu gani ya ripoti atakayoiandika kwa mkono wake, hata iwe kurasa mbili, na jina lake litatajwa wapi. Wakikataa la jina, nikamwambia, asiwape hata siku moja.

Kaunti ya Embu nayo, inapowaajiri washauri kutoka nje, yaweza kuweka kifungu kimoja katika mkataba: asilipwe fungu la mwisho asiyetaja vijana waliomkusanyia habari na kazi ya kila mmoja wao, na nakala ya ripoti iachwe katika ofisi ya chifu, kwa lugha tunayoielewa, tusome wenyewe tunachodaiwa kuwa tulisema.