Kiinitete hakidondoki ukisimama

Wasomaji wa Kiboko, Makindu na Kibwezi wameniuliza swali hili mara nyingi: nikishapandikizwa Nairobi kiinitete kilichotungwa maabara, halafu nirudi nyumbani kwa basi, hakitadondoka njiani? Hakidondoki. Wala hakitoki ukienda haja ndogo, maana mkojo una njia yake na mji wa mimba una yake. Kuta za mji wa mimba zimegusana, na kiinitete hukaa katikati yake, kwenye ute. Kulala chali siku tatu hakuongezi chochote.

Kinachoamua mengi hutokea ungali kitandani, daktari anapopitisha kateta, ule mrija laini, kwenye mlango wa kizazi. Wafugaji wa Kiboko, majirani wa kituo cha utafiti wa kilimo na mifugo cha KALRO, wanamjua mtaalamu anayepandisha ng'ombe kwa mrija: mkono mmoja huuingiza kwenye njia ya haja kubwa akaushika mlango wa kizazi kutoka ndani, na kwa mkono wa pili husukuma mrija. Kwa mwanamke, daktari hana mkono huo wa ndani. Miaka mingi alikwenda kwa kuhisi tu. Alisukuma mrija mpaka ncha iguse dari ya mji wa mimba, kisha akaurudisha nyuma kidogo. Kasoro ilikuwa papo hapo: mji wa mimba ni msuli, na ukiguswa darini hujikunja, na mikunjo hiyo inaweza kukisukuma kiinitete mbali na pale kilipowekwa. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabara, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, enzi hizo za kuhisi tu. Maelezo ya kuongoza mrija kwa altrasaundi yalichapishwa mwaka 1985.

Altrasaundi si eksrei na haichomi mtoto. Ni sauti ambayo sikio halisikii, inayoingia tumboni na kurudi kama mwangwi. Sauti hiyo hupenya maji vizuri lakini ikikutana na hewa hurudi karibu yote. Ndiyo sababu unaambiwa ubane mkojo: kibofu kilichojaa husukuma kando utumbo wenye hewa, kikawa dirisha la kuchungulia, na pia huunyoosha mji wa mimba ulioinamia mbele ili mrija usikwame kwenye kona. Kiinitete chenyewe hakionekani, kwani hata siku ya tano ni sehemu ndogo tu ya milimita. Mtaalamu wa maabara hupakia kwenye mrija tone la maji lenye kiinitete pamoja na hewa kidogo. Tone likiachiliwa, ile hewa hurudisha sauti, na kwenye skrini humeta nukta nyeupe. Ikimeta sentimita moja au zaidi chini ya dari, daktari ameweka panapotakiwa. Ukiambiwa nukta ile ndiyo mtoto wako, ujue ni kiputo cha hewa, alama ya mahali tone lilipoachwa.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalikadiria kwamba, pale ambapo wanawake 23 kati ya 100 wangejifungua au kuendelea na ujauzito kwa daktari kuhisi tu, altrasaundi huwafikisha kati ya 28 na 33. Ni faida kubwa kwa kazi ya dakika chache. Bado wengi hawafanikiwi, na si kosa lao.

Nchini mwetu Kenya, watoto wa kwanza waliotungwa maabara, wasichana wawili, walizaliwa Mei 2006 chini ya Dkt. Joshua Noreh wa Nairobi. Miaka mingi baadaye, bado mtu anauziwa unga wa kuweka ukeni ili "kusafisha kizazi" kabla ya kupandikizwa! Kizazi hakihitaji kusafishwa. Unga huo huunguza, hualika maambukizi, na maambukizi ndiyo huziba mirija ya uzazi. Anayeuuza anawaumiza wanawake ambao tayari wameumia vya kutosha, na hakuna mila ya Ukambani ya kumkinga.

Basi: uliza kliniki kama wanapandikiza kwa altrasaundi. Nenda na kibofu kilichojaa kiasi, isipokuwa kama wanatumia skani ya ukeni. Usiache dawa hata ukiona matone ya damu. Pima damu kujua kama umeshika mimba siku uliyopangiwa, si kabla. Tumbo likivimba ghafla, pumzi ikibana au maumivu yakizidi, usingoje kufika Nairobi. Kimbilia hospitali ya Makindu au Wote siku hiyo hiyo, na uwaeleze ulichofanyiwa.